Plasta ya Mtoto

Ningependa kusema yalimpata jirani, kama wasemavyo wengine. Siwezi. Yalinipata mimi, na aliyekosa ni mimi.

Mimi na mdogo wangu tulikuwa na kiduka kimoja, meza mbili. Mimi fotokopi na kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi, yeye kutengeneza kompyuta. Wateja walimwita Daktari. Nilizoea kumtania kwamba wagonjwa wake huletwa wakiwa wameshakata roho.

Jumatatu moja asubuhi akaja yule mama mshonaji wa mtaa wa nyuma. Alikuwa amefiwa na binti yake wa miaka sita, katoto kalikokuwa kakipita dukani kuniamkia, "Shikamoo, Anti!" Mkononi alishika flashi. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mtoto akijifunza kusoma a, e, i, o, u. Sauti nyingine hakuwa nayo. Sasa kila akiichomeka, kompyuta inadai ifutwe kwanza ndipo ifunguke.

"Usikubali kufuta, dada," Daktari akanionya mama alipoondoka. "Faili zimo bado, njia tu ndiyo imepotea. Kilichopotea hurudi. Kilichoandikiwa juu yake hakirudi."

Kompyuta yetu ilikuwa imejaa, hapakuwa na pa kuziokolea. Akabandika plasta nyeupe kwenye flashi, akaandika kwa kalamu: MTOTO. USIGUSE. Akaitia kwenye droo, akaenda kutafuta diski ya kuazima.

Alhamisi mchana akaingia mshereheshaji wa harusi, jasho linamtoka. "Anti, niokoe! Nyimbo! Maharusi wanaingia saa tisa!" Flashi za kuuza zilikuwa zimekwisha. Nikafungua droo. Nikajiambia, ya leo tu, nani atajua? Onyo la mdogo wangu lilikuwa limeingia sikio hili likatokea lile. Nikaibandua plasta kwa kucha zangu, nikaitupa. Kompyuta ikauliza kama ifute. Nikabonyeza ndiyo. Nikajaza nyimbo hadi pomoni.

Mshereheshaji aliirudisha flashi kesho yake asubuhi. Daktari, diski ya kuazima mkononi, akaichomeka, akaangalia kioo, kisha akaniangalia mimi.

"Dada, umefanya nini?"

Mama mshonaji alikuwa mlangoni, amevaa vizuri kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni. Mdogo wangu akafungua mdomo. Nikamuwahi.

"Pole, mama. Ilikuja ikiwa imeshakufa."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

"Basi kaeni nayo. Nikiiona naumia." Daktari alinigeuzia mgongo siku nzima, na alikuwa na haki.

Jumatatu iliyofuata nikapiga dukani zile nyimbo za kwenye flashi, nijisahaulishe. Wimbo wa tatu, ngoma ikapungua.

"Anti."

Nikatoka nje. Hapakuwa na mtoto. Nikarudi, nikakaa.

"Anti, huku kuna makelele."

Ilitoka kwenye spika. Nikamvuta Daktari mkono. "Umesikia?" Akatega sikio. "Nasikia ngoma tu, dada. Una homa?" Akatoka kwenda kwa mteja.

Nikazifuta nyimbo zote. Wimbo mmoja mmoja. Flashi ikabaki tupu, kioo kikaonyesha tupu. Mchana kweupe, watu wanapita nje wakicheka. Spika ikakwaruza.

"Ahsante, Anti. Mama yuko wapi?"

Nilikimbia na flashi mkononi hadi kwa mshonaji. Nilimkuta kwenye cherehani, nikapiga magoti juu ya vipande vya vitambaa, nikamwambia yote. Plasta. Harusi. Uongo. Hakunitukana. Heri angenitukana. Aliichukua flashi, akaichomeka kwenye redio yake ndogo, akainama sikio likagusa spika.

"Mama!" mtoto akaita. "Mama, ni mimi!"

Mama alingoja. Akaongeza sauti hadi mwisho. Akangoja tena.

"Kimya," akasema.

"Anti, mbona mama hanisikii?"

Machozi yalinitoka. Mama mshonaji akaninyanyua uso kwa kidole. "Mbona unalia? Unasikia nini?"

Ningesema. Wallahi ningesema. Lakini ningewezaje kumwambia mzazi kwamba mwanawe anamwita, na anayemsikia ni yule aliyemfuta?

"Sisikii kitu, mama."

Ndani ya redio, mtoto akaanza kulia.

Niliiacha flashi kule, nikarudi dukani, nikafungua droo nitafute kitambaa cha kujifuta uso. Ile plasta niliyoitupa ilikuwa imebandikwa ndani, katikati ya droo. Mwandiko wa mdogo wangu ulikuwa vilevile: MTOTO. USIGUSE. Chini yake paliongezwa neno kwa penseli, herufi kubwa zilizopinda, za mtu ambaye ndiyo kwanza anajifunza kuandika.

MWAMBIE.

Daktari ameikwangua kwa kisu mara mbili. Asubuhi iko palepale. Na mimi, hadi leo, sijamwambia.