Mwani Nao Huoga

Hapo zamani si zamani sana, Unguja, alikuwako mtoto Mize. Mama yake alilima mwani baharini. Bibi yake alilima tungule, yaani nyanya, nyuma ya nyumba.

Tungule za Bibi zilikuwa tamu jamani! Lakini mwaka mmoja zilibaki mbegu kumi tu.

"Panda wewe, Mize," alisema Bibi. "Lakini zikiharibika hizi, ndiyo basi tena."

Mama akampa Mize mwani uliokatika kwenye kamba. "Ziloweke mbegu kwenye maji ya mwani. Zitaota kwa nguvu."

Mize akautia mwani ndooni. Chubwi! Akatia maji, akaloweka mbegu tano. Akazipanda. Kila asubuhi aliziimbia:

*Mbegu zangu, amkeni!*
*Jua limetoka, amkeni!*

Siku kumi zikapita. Kimya. Haikuamka hata moja.

Mize akalia kwikwikwi. "Bibi, mbegu zangu zimekufa!"

"Mwani uliuosha?" aliuliza Bibi.

"Niuoshe ya nini, Bibi? Mwani unakaa baharini. Kila siku unaoga!"

Bibi alicheka mpaka kanga ikamdondoka.

"Haya. Wewe ukitoka baharini, nakufanya nini?"

"Unaniogesha maji ya kisima."

"Kwa nini?"

"Chumvi inaniwasha." Mize akaitazama ndoo. Macho yakamtoka. "Maskini mbegu zangu!"

Basi wakauogesha mwani. Chwa, chwa, chwa! Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu.

Wakauloweka siku tatu kwenye maji ya kisima. Maji yakawa na rangi ya chai. Yalinuka, puu!

"Kikombe kimoja tu," alisema Bibi. Akakichanganya na maji tele.

Mbegu tano za mwisho zikalala humo usiku kucha. Asubuhi Mize akazipanda. Aliogopa. Moyo ulimdunda, du, du, du. Akaimba hivyo hivyo:

*Mbegu zangu, amkeni!*
*Jua limetoka, amkeni!*

Siku ya sita, akaona kijani. Kimoja! Viwili! Vitatu! Vinne!

Cha tano kiko wapi? Mize akainama, pua ikagusa udongo. Kile pale, kidogooo, kimevaa ganda la mbegu kichwani!

"Mama! Bibi! Zimeamka zote!"

Jioni Bibi akamwogesha Mize. Chwa, chwa, chwa! Mize akapanda kitandani, hana chumvi hata chembe. Akachungulia dirishani, akaimba polepole:

*Miche yangu, laleni.*
*Jua limezama, laleni.*

Na yeye akalala.