Mwenzangu wa Daftarini

Jua lilikuwa limebakiza kidole kimoja juu ya vilima nilipofika geti la magharibi la hifadhi na mkoba wangu, jiko dogo la mafuta ya taa na barua ya ruhusa yenye mihuri mitatu. Basi lilinishusha njia panda mchana, na kilometa kumi na mbili zilizobaki nilizipiga kwa miguu, maana huko hakuna gari la abiria na mimi sina langu. Nilitaka kitu kimoja tu: kuivuka ile nyika na kutokea geti la mashariki Ijumaa kabla ya saa sita. Hapo ndipo lori linaloleta vifaa mara moja kwa wiki hugeuza kurudi mjini. Likiniacha, ni wiki nzima. Na Jumatatu mdogo wangu alikuwa anaingia chumba cha upasuaji kujifungua.

"Dada, usipokuwepo nakufuta undugu," aliniambia. "Na hizo safari zako za kubana matumizi zitakuja kukutoa roho."

Mimi husoma prufu kwenye kiwanda cha uchapaji. Kazi yangu ni kuona herufi iliyodondoka na mstari ulioachwa wazi. Naomba ulikumbuke hilo.

Karani wa geti alivaa sweta la serikali na kandambili. Aliisoma barua yangu mbele, akaisoma nyuma ambako hakukuwa na kitu, akarudi mbele.

"Uko peke yako."

"Ndiyo, kaka."

"Haiwezekani."

"Mbona niko?"

Akanionyesha tangazo ukutani. Watembea kwa miguu wasiingie chini ya wawili. Mwenye gari aliweza kuingia peke yake. Inaonekana sheria ililihesabu gari kuwa mtu.

"Sasa kaka, mwenzangu nitamtoa wapi saa hizi? Nimchonge kwenye gogo?"

Hakucheka. Alitazama giza lililokuwa linajikusanya dirishani, akatazama kitanda chake nyuma ya pazia, na nikaona anapiga hesabu ya nani angelala wapi kama ningebaki. Akavuta daftari kubwa la wageni. Akarudi nyuma kurasa nyingi. Nyuma zaidi. Akaweka kidole.

"Huyu hapa. Dada mmoja. Aliingia, hajatoka."

"Kwa hiyo?"

"Kama hajatoka, yumo. Kama yumo, hauko peke yako." Alitabasamu kwa mara ya kwanza, tabasamu la mtu aliyepata upenyo kati ya vifungu viwili vya sheria. "Nakuandika mwenzake."

Ukurasa ule ulikuwa umejaa juu mpaka chini, isipokuwa mstari mmoja chini ya jina lake. Mtupu. Kama kiti kilichowekewa mtu.

"Aliingia lini?"

"Juzijuzi tu," alisema. Dole gumba lake lilikuwa limeziba tarehe.

Nikasaini. Akachukua redio ya upepo. "Mashariki, pokea. Wawili, kwa miguu, wanawake." Akaniambia majina yetu yangeandikwa huko na kila mmoja asaini mbele ya jina lake. "Mtoke pamoja, dada. Usije ukasema hukuelezwa."

Nilicheka moyoni njia nzima hadi kibanda cha kwanza, mwendo wa saa moja. Ilikuwa kiangazi. Vumbi lilinifika vifundoni, majani yalikatika kama karatasi.

Ndiyo maana ile sauti niliishangaa.

Chwap.

Nikasimama. Kimya. Nikapiga hatua tatu, nikasimama tena.

Chwap... chwap... chwap.

Na moja zaidi.

Chwap.

Ilikuwa sauti ya viatu vilivyojaa maji. Hapakuwa na maji kokote. Kibandani nilifunga mlango na kukaa juu ya kimojawapo cha vitanda viwili vya mbao. Nikawasha jiko, nikajiambia ni swala, ni popo, ni uchovu. Mtu aliyesoma huwa na orodha ndefu ya vitu vya kujiambia.

Hatua zilifika mlangoni.

Kisha harufu. Sufi iliyolowa, iliyokaa muda mrefu bila kuanikwa...

"Nani?" niliuliza.

Sauti ndogo ikajibu, usawa wa kitasa, kama mtu aliyechuchumaa.

"Mwenzako."

Jiko lilizimika, na mafuta yalikuwamo. Sikusikia mlango ukifunguka. Nilisikia tu ubao wa kitanda cha pili ukilia, pole pole, kama unavyolia mtu anapokaa huku akijaribu kutomwamsha mwingine.

Asubuhi mlango ulikuwa bado umefungwa kwa ndani. Chini ya kitanda cha pili palikuwa na vidimbwi viwili vya maji, kila kimoja na umbo la unyayo.

Alhamisi kulikucha na ukungu, na haukupanda. Nilitembea kutwa bila kugeuka. Ningerudi magharibi, ningelikosa lori. Ningekimbia, ningevunjika mguu. Kwa hiyo nilitembea, naye akatembea. Adhuhuri niliketi kula mkate. Sijui kwa nini nilikata kipande cha pili na kukiweka juu ya jiwe nyuma yangu. Adabu tu, nadhani. Mtu ni mwenzako, unakulaje peke yako?

"Wewe umepotelea wapi?" nilinong'ona nikiwa nimetazama mbele.

"Mtoni. Wakati wa mvua. Waliniambia nina mwenzangu ndani. Wakaandika. Nikamsubiri anivushe."

Kichwa changu cha kazini kiliuliza swali lake: ukurasa gani, na jina la nani?

"Tutatoka pamoja?" aliuliza.

Sauti ilikuwa karibu sasa. Kwenye sikio.

"Tutatoka," nilisema.

Usiku wa kibanda cha pili sitausimulia. Nilikaa macho, na mtu alikaa macho pamoja nami.

Ijumaa, saa sita kasoro dakika tano, nililiona geti la mashariki. Lori lilikuwa linaunguruma, dereva mkono dirishani. Kwenye benchi nje alikaa mama mmoja amekumbatia mfuko wa plastiki. Karani wa upande huu alikuwa msichana mkali mwenye kucha safi.

"Wawili," alisema akitazama daftari. "Mwingine?"

Ningesema niliingia peke yangu. Lakini nilikuwa nimesaini.

"Tumeachana kidogo..."

"Ukimwacha mwenzako, dada, unarudi na askari kumwonyesha ulipomwacha. Askari wako likizo mpaka Jumanne."

Dereva akapiga honi.

"Yule mama pale," niliuliza, "anamsubiri nani?"

Karani alishusha sauti. "Mtoto wake. Huu mwaka wa sita. Kila Ijumaa anakuja na soksi kavu, eti mtoto alikuwa hapendi miguu yenye baridi. Tumeshamwambia akae nyumbani, wapi!"

Nilitazama daftari. Mistari miwili. Wa juu, jina lake. Wa chini, langu.

"Mwenzangu yuko nyuma yangu," nilisema. Sijawahi kusema neno la kweli kiasi hicho. "Anaumwa mkono. Namsainia."

Karani alipogeuka kumfokea dereva, nikasaini mstari wa juu. Jina zima, kwa mwandiko mzuri.

Nyuma yangu kitu kilishusha pumzi. Ubaridi uliokuwa mgongoni kwa siku mbili ukatoka, kama mtu aliyevuliwa koti lililolowa. Yule mama akasimama. Hakunitazama mimi.

"Umechelewa," alisema. "Tazama ulivyolowa, mwanangu."

Honi tena. Lori lilianza kusogea, nami nikakimbia, nikadandia juu ya mapipa matupu. Nilipogeuka, mama alikuwa amepiga magoti mbele ya benchi anamvalisha mtu soksi. Benchi lilikuwa tupu.

Soksi zilikuwa zimejaa.

Jumatatu nilikuwapo wodini. Mtoto ni wa kike, mkali kama mama yake.

Barua ya hifadhi ilikuja mwezi wa tatu baada ya safari. *Kumbukumbu zinaonyesha kuwa wewe bado umo ndani.* Nilisoma mara mbili, ndipo nikaona kosa ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza kiwandani kwetu angefukuzwa kwalo. Nilimsainia yeye. Mstari wa chini niliuacha wazi.

Nikawaandikia kwamba nimetoka, nipo nyumbani, nakunywa chai. Wakajibu kwa heshima kuwa taarifa ya kutoka hutolewa getini na mhusika mwenyewe, akitokea ndani.

Nilicheka. Kisha siku moja ya jua kali nilikuta viatu vyangu mlangoni vimelowa chepechepe. Baada ya wiki tatu, tena. Hutokea siku mbili mfululizo, na siku hizo miguu yangu huwa baridi kama ya mtu aliyesimama mtoni, na watu huniuliza jambo mara mbili ndipo nisikie.

Jana kijana mmoja mwenye mkoba mgongoni alikuja kiwandani kuniulizia kwa jina na kazi nilivyoviandika getini.

"Nimekuja kukushukuru tu, dada. Bila wewe wasingeniruhusu kuingia. Na ulivyonisindikiza siku zote mbili!" Akacheka kwa haya. "Ila wewe si muongeaji kabisa."

Mashine zilikuwa zinapiga kelele. Nilimsogelea.

"Pale mashariki... ulitusainia wote wawili?"

Akakuna kichwa. "Nadhani nilisaini yangu tu. Lori lilikuwa linapiga honi."

Jioni nilimpigia simu mdogo wangu. Nikamwomba Ijumaa aende geti la mashariki, akae kwenye benchi, anisubiri.

"Dada, si uko hapa? Si ndiye unayeongea?"

"Nenda tu," nilimwambia. "Na uchukue soksi."