Msonyo Ndani ya Giaboksi

Msonyo wa kwanza Kitavi aliusikia Jumamosi asubuhi, akiwa peke yake sebuleni kwake Kinoo. Alidhani ni mkewe.

"Annah, unanisonya?"

"Mimi?" Annah alijibu kutoka nje, alikokuwa akianika nguo. "Nikusonye aje na niko huku?"

Kusonya ilikuwa kazi ya Kitavi mwenyewe. Alikuwa fundi wa lifti kwenye majengo ya mjini, na hakuna aliyewahi kumsikia akikiri kwamba hajui jambo. Mafundi wa pikipiki aliwaita wachoma mahindi. Aliponunua pikipiki kuukuu kutoka kwa familia moja ya Kitisuru, mlinzi wa pale alimwonya kwamba marehemu mwenye pikipiki hakutaka mtu mwingine aiguse. Kitavi alimcheka usoni. Nyumbani alifungua giaboksi yake na kutandaza gia mezani, pale wanapolia chakula.

Sasa alikuwa akivisha washa, kile kipete bapa cha chuma, kwenye shafti. Msonyo ukaja tena, mrefu, mkavu, kutoka ndani ya ganda la chuma la giaboksi, kama wa mtu aliyechoshwa na mjinga. Akaitoa washa, akavisha nyingine. Kimya. Akatia gia ya pili. Msonyo. Alipoangalia vizuri, aliona ameivisha kinyume.

"Baba Mwendwa," Annah alinong'ona mlangoni, "hiyo kitu inakudharau."

"Ni hewa. Mambo ya chuma wewe unajua nini?"

Kufika saa saba mchana harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imejaa nyumba nzima, na kila Kitavi alipokosea msonyo ulitoka karibu zaidi na sikio lake, mpaka gia zikaanza kuzunguka zenyewe, bila injini, bila mnyororo, polepole kama mtu anayetafuna, zikamnasa kidole, na alipopiga mayowe hazikuongeza mwendo wala kupunguza, zikatafuna vilevile hadi ukucha ukang'oka, ndipo zikamwachilia.

Annah alimkimbilia Peres, jirani anayeombea watu. Peres aliingia na Biblia kwapani, akasimama mbele ya meza, akalitegea sikio lile ganda.

"Hili ni jini la kiburi," alisema kwa sauti ya chini. "Linakaa na mtu anayejiona anajua kila kitu. Sema hujui, litaenda. Sema hivyo tu, usiongeze neno."

"Mama, mimi nimesomea hii kazi," Kitavi alimjibu.

"Sema!" Annah alimkaripia. "Ama mimi na Mwendwa tunaenda kwa mamangu leo."

Kitavi alitazama kidole chake kilichofungwa kitambaa. Aibu ilimkaba kuliko maumivu.

"Sijui," alisema.

Harufu ikaanza kupungua. Gia zikatulia. Annah akashusha pumzi, na Kitavi alipoona kumetulia, uso wake wa siku zote ukamrudia. Akaliinamia lile ganda la chuma, akatabasamu kwa kejeli.

"Kama wewe ndiye unajua sana, si ukuje ufanye mwenyewe?"

Peres alijiziba mdomo.

Mikono ya Kitavi ikanyanyuka yenyewe. Ikachukua spana, ikaanza kupanga gia haraka haraka, kwa ustadi ambao hakuwahi kuwa nao, damu ikichuruzika mezani. Hakuwa akiitazama kazi. Alikuwa amemgeukia mkewe, machozi yakimtoka.

"Nishike mikono, Annah," alimwomba. "Nishike."

Annah alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine.