Aliyewafuta Watoto Sitini na Mmoja

Jumatatu tarehe 9 Juni, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Evariste Ngoy alifungua dosiye namba 417 kwenye kompyuta na kukuta haina kitu. Hakuna picha, hakuna maelezo, hakuna jina. Akafungua 418. Tupu. Alirudi nyuma mpaka 401, akaenda mbele mpaka 461. Watoto sitini na mmoja waliovuka Ziwa Mweru bila wazazi, mwezi wa nne mwaka 2018, walikuwa wamefutika katika biro ya Tujuane, Nchelenge, ofisi iliyofunguliwa kwa kazi moja tu: kurudishia watu jamaa zao.

Mbele yake aliketi Pierrette, aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Mantapala kabla jua halijachomoza. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini.

"Papa, mutoto wangu iko wapi?"

"Mashine inasumbua kidogo, mama. Ngojea."

Evariste alikuwa karani wa mahakama kule Pweto, ng'ambo ya ziwa, miaka ishirini, akiandika uongo wa watu wengine. Huu ulikuwa wake mwenyewe.

Akamwita Dany, fundi wa kompyuta. Dany hakutishika mwanzoni. Tangu Aprili walikuwa na programu ambayo kila siku, saa sita ya mchana, ilipiga picha, yaani nakala kamili, ya hifadhi nzima bila kuguswa na mtu. Ilitunza picha saba. Ya nane ikiingia, ya zamani kuliko zote inatupwa. Alifungua ya Jumapili, 401 mpaka 461 tupu. Ya Jumamosi, tupu. Alirudi hivyo mpaka ya tarehe 2 Juni.

"Papa Evariste, zote saba."

Kumbukumbu za mashine zilionyesha saa ya kufutwa: Jumapili tarehe 1 Juni, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Jina lililotumika lilikuwa la Dany.

Mama Suzanne, shefu wa biro, hakupoteza muda. Saa tatu na nusu Sajini Davies wa polisi alikuwa tayari amemsimamia Dany.

"Jumapili ile ulikuwa wapi?"

"Kanisani. Ninapiga kinanda."

"Ni kweli," Evariste alisema. "Nilikuwa benchi ya pili."

"Ile hifadhi inafunguliwa hata kwa simu," Mama Suzanne alisema taratibu, kama mtu anayeumia kusema. "Dakika mbili zinamtosha."

Davies akachukua simu ya Dany, akamketisha kwenye kona. Kijana wa watu alifunika uso kwa mikono. Karatasi za zamani za dosiye hizo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Picha saba ndizo zilikuwa tumaini la mwisho, na yeye ndiye fundi wake.

Evariste alirudi mezani kwake na kutoa kumbukumbu za mkutano wa tarehe 14 Aprili, siku walipochagua programu. Aliziandika mwenyewe. Dany alileta tatu. Ya kwanza ilifunga kila picha mwaka mzima, hata shefu hawezi kuigusa. Dany aliisihi hiyo. Ya pili ilituma picha Lusaka, lakini mtandao wa Nchelenge ungeishinda. Ya tatu ilitunza siku saba tu. Mama Suzanne alichukua ya tatu, akisema ni nyepesi. Siku hiyohiyo aliamuru diski za zamani za Dany, zenye nakala za awali, zisafishwe kwa kazi nyingine, na neno la siri la Dany liwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa, katika mtoto wa meza yake.

Evariste alisoma mara mbili. Kisha akamwomba Pierrette karatasi yake ya randevu, yenye siku aliyopangiwa kurudi, akaiweka kando ya daftari la wageni. Alimheshimu Mama Suzanne.

Saa tano kamili aliingia ofisini kwa shefu pamoja na Davies na Dany. Pierrette aliwafuata, akabaki mlangoni.

"Mama Shefu, huyu mama alifika hapa tarehe 30 Mei. Nilimpata namba 417, nikakuletea, maana dosiye inafunguliwa kwa ruhusa yako. Watu wengine unawapa randevu ya siku mbili, tatu. Yeye ulimpa siku kumi. Juu ya nini?"

"Kazi ilikuwa mingi."

"Juma lile uliona watu wane. Daftari iko hapa. Angekuya Ijumaa iliyopita, Dany angerudisha kila kitu. Picha ya mwisho yenye watoto ilitupwa Jumamosi saa sita. Aliyefuta alihitaji huyu mama akae mbali mpaka siku ile, na randevu uliandika weye."

Evariste akaweka karatasi nyingine mezani.

"Na tarehe 28 Machi ulitia sahihi orodha ya wageni wapya wa Mantapala. Jina la Pierrette ni la tisa, nalo ulilijua kutoka dosiye 417. Siku kumi na saba kisha, ukakataa programu inayofunga."

"Bahasha," Davies alisema.

Akavuta mtoto wa meza, hakuna aliyemzuia. Bahasha ilikuwa imechanwa pembeni na kubandikwa tena kwa gundi.

"Mutoto 417 alikabidhiwa nani, mama?" Evariste aliuliza.

Juu ya meza kulikuwa na picha ya Chouchou, msichana wa miaka tisa aliyemwita Suzanne mama, amevaa sare ya shule. Suzanne aliigeuza kifudifudi.

"Alifika na homa, midomo imepasuka. Wangu wawili nilikuwa nimewazika. Tulimtangaza miezi mine, hakuna mutu alikuya. Nikajiandikia mimi. Sikutaka kufuta, Evariste. Nilisema, pengine huyu mama hatafika. Lakini akafika." Akamgeukia Pierrette. "Miaka saba ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natembea," Pierrette alisema. "Miaka saba natembea."

"Na wale sitini?" Evariste aliuliza. "Wale walikukosea nini?"

"Ningefuta mumoja, ungejua ni nani."

Alilisema kwa sauti ileile ya kazini. Dany akatoka nje.

Davies alimchukua Mama Suzanne saa sita. Picha mpya ya hifadhi ilipigwa kwa wakati wake, safi, bila kasoro, yenye dosiye sitini na moja tupu.

Chouchou alifika pale biro kutoka shuleni saa saba. Pierrette alisimama, akamwita jina alilompa alipomzaa, akapiga magoti vumbini. Mtoto alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta, akasema maneno ya haraka kwa Kibemba, lugha ambayo Pierrette hakuijua.

"Papa, anasema nini?"

Evariste alitafuta uongo wa pili, akaukosa.

"Anauliza mama yake atarudi saa ngapi."