Aliyefutwa Kwenye Picha

"Dada, mbona umeacha? Ndiyo niende ofisini na nusu kichwa?"

Msusi hakumjibu mteja wake. Kitana kilikuwa kimeganda mkononi, macho yakiwa kwenye simu. Kundi la wazazi lilikuwa limejaa vidole gumba na pongezi: picha mpya ya darasa imetoka, ile itakayowekwa kwenye bango la shule. Watoto wamepangwa safi, meno nje. Aliikuza, akapitia sura moja baada ya nyingine.

Chiriku, mwanawe, hakuwemo.

Jina hilo ni la utani tu. Mtoto ana miaka saba na ana usonji, na kuna siku maneno yake huisha kabla ya chai. Lakini siku ya picha alikwenda shule. Mama yake mwenyewe ndiye aliyemsuka, polepole, maana Chiriku akivutwa nywele mtaa mzima husikia. Na alisimama na Mapengo, mwenzake wa dawati moja. Mapengo yupo pichani, anacheka, mkono kaunyoosha pembeni, vidole kavikunja kama aliyeshika kiwiko cha mtu. Kiwiko hakipo. Mtoto wa watu kashika hewa.

Aliyepiga picha hiyo alikuwa mchumba wa Msusi. Harusi yao ilikuwa mwezi ujao. Akampigia.

"Mpenzi, niko kazini kidogo..."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Si yuko shule?"

"Kwenye picha yako. Yuko wapi?"

Mchumba akakohoa kikohozi cha kutafuta maneno.

"Aa, ile! Sikia, mke wangu. Mwalimu Mkuu ndiye aliyetaka. Chiriku kaziba masikio, anaangalia feni. Mimi nimefuata maagizo tu."

"Ukamfuta."

"Nimemtoa kwenye picha, sijamtoa darasani!"

Msusi akainua macho, yakatua kwenye kadi ya harusi aliyoibandika kwenye kioo kwa madaha. Siku ile studio walikwenda watatu. Kwenye kadi wako wawili wanatabasamu, na mkono wake umelalia shada la maua ambalo hakumbuki kuliona. Mkono ule ulikuwa begani kwa Chiriku.

"Na haya maua?"

"Maua gani?"

"Ya kwenye kadi yetu. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Wewe umechukua ua, ukamfunika nalo mtoto!"

Akakata simu. Mteja, aliyekuwa amesikia yote, akaanza kujiinua taratibu.

"Dada, we nenda tu. Nitafunga kitambaa."

"Kaa. Kazi haiachwi nusu."

Akamsuka mpaka mwisho, machozi yakimdondoka, na misuko ilibana siku hiyo mpaka mteja akaondoka nyusi juu.

Kesho yake asubuhi alikuwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, mama wa makamo ambaye miwani yake hukaa kichwani kuliko machoni.

"Karibu uketi, Mama Chiriku."

"Sikuja kuketi. Kwa nini uliagiza mwanangu afutwe?"

"Mimi?" Miwani ikashuka. "Mimi niliuliza kama tunaweza kuirudia. Mchumba wako ndiye aliyesema, 'Haina haja, nitamtoa, hakuna atakayejua.' Nikadhani mmekubaliana. Nikanyamaza, na hapo nilikosea."

Msusi akaketi bila kukaribishwa tena. Kufutwa kwa mtoto ni jambo moja. Kumbe na uongo juu yake.

"Kuna jingine, afadhali ulisikie kwangu. Wapo wazazi wanaotaka Chiriku ahamishwe muhula ujao. Wanasema anawachelewesha wenzake. Ijumaa kuna kikao."

"Kwani hasomi?"

"Anasoma kuliko wengi. Ila akisoma anaupa ubao mgongo."

"Ubao umelalamika?"

Mwalimu Mkuu akacheka bila kupenda.

"Mwalimu, sikuja kuomba huruma. Nataka kiti chake kibaki pale pale chini ya feni, na kengele ikikaribia kulia aambiwe mapema. Basi. Leo kafutwa pichani mmenyamaza. Kesho atafutwa kwenye rejista, na mtanyamaza vile vile."

"Njoo uyaseme hayo Ijumaa."

"Nitakuja hata kwa kutambaa."

Jioni, Mpiga Picha akaingia saluni ameinamisha kichwa. Chiriku alikuwa kwenye kiti chake chini ya feni, uso juu. Msusi akavua pete, akaiweka kwenye sanduku la vitana.

"Umenidanganya."

"Nimekosa."

"Kukosa najua. Niambie kwa nini."

"Nilikuwa naona haya," alisema hatimaye. "Watu wananiuliza, 'Huyo ndiye utakayemlea?' nakosa jibu. Kazi yangu ni kufuta. Mtu anakuja na chunusi, na kovu, na jino bovu. Nafuta, anafurahi. Nikaona nikifuta, na wewe utapumzika."

"Chiriku si chunusi."

"Najua."

"Hujui! Nakupenda, na ndiyo maana inaniuma hivi. Lakini mimi na huyu ni chanda na pete. Ukitaka kufuta, tufute wote. Kadi zirudi. Harusi hakuna."

Mpiga Picha alifika mlangoni, akasimama. Kisha akarudi, akachuchumaa mbali kidogo na kiti cha mtoto.

"Chiriku, siku ile ya picha, kwa nini uliziba masikio?"

Msusi alitaka kujibu kwa niaba ya mwanawe, kama alivyozoea. Akajing'ata ulimi. Feni ikazunguka, ikazunguka.

"Taa yako inapiga kelele," Chiriku akasema, bila kushusha macho. "Halafu unasema 'cheka, cheka.' Sitaki."

"Na feni je?"

"Feni inasema neno moja tu."

Mpiga Picha alimjua mtoto huyu muda wote wa uchumba, na lile la masikio lilikuwa swali lake la kwanza kwake. Aliondoka bila kuomba pete. Siku iliyofuata ukaja ujumbe:

"Naomba ruhusa nije kikaoni. Si kwa ajili ya pete."

Msusi akausoma, akaendelea kusuka.

Ijumaa wazazi walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Baba mmoja mwenye tai akasimama.

"Hatumchukii mtoto. Lakini watoto kama hao wana shule zao."

"Shule yake ni hii, ndugu yangu," Msusi akasema. "Kwani wewe ni baba wa nani?"

"Wa Mapengo. Sijui mkimwita hivyo mnaona sifa."

"Basi tazama picha ya bango. Mwanao kashika nini?"

Baba Mapengo akatoa simu, akaikodolea. "Mbona... hajashika kitu."

"Kashika hiki."

Mpiga Picha alikuwa mlangoni, picha kubwa kaikumbatia. Akaiegemeza ubaoni. Darasa lile lile, Chiriku masikio kaziba, uso kauinulia feni, na Mapengo kamshika kiwiko.

"Nilimfuta mimi. Hakuna aliyenituma. Ni mtoto wa mchumba wangu, na niliona haya, nikamsingizia Mwalimu. Hili ndilo darasa lenu. Lile la kwenye bango ni uongo wangu."

Watu wakaguna. Baba Mapengo akasogea mpaka ubaoni.

"Kumbe ndiye huyu," akasema polepole. "Mwanangu kila siku ananiambia, 'Baba, leo nilimshika kiwiko, kengele haikumtisha.' Nikadhani ni mchezo wao." Akalegeza tai. "Kiti chake kibaki."

"Kitabaki," Mwalimu Mkuu akasema. "Kengele tutamwambia mapema. Na bango litatoka na picha hii."

Nje, Mpiga Picha akauliza kwa woga, "Pete bado ipo?"

"Ipo kwenye vitana. Acha ikae kwanza. Wewe rudia ile kadi."

Akairudia. Harusi haikuwa mwezi ule. Ilikuja baadaye, Msusi alipokwisha kuona kwamba maswali kwa Chiriku hayakuishia kwenye lile la kwanza. Kamera siku hiyo aliishika mpiga picha mwingine.

"Mtoto! Angalia huku! Cheka!"

Chiriku akaziba masikio, akainua uso kwenye feni ya ukumbi. Minong'ono ikaanza. Bwana harusi akanyoosha mkono.

"Zima taa yako, ndugu. Na usimwambie acheke."

"Sasa nipigeje? Mmoja juu, wawili mbele?"

Bwana harusi akamtazama mkewe. Mkewe akacheka, akainua uso. Naye akainua.

"Haya, piga."

Picha hiyo sasa iko kwenye kioo cha saluni, pale palipokuwa na kadi. Wateja hawaachi kuuliza.

"Nyie, mlikuwa mnaangalia nini huko juu?"

"Kaa nikusuke," Msusi huwajibu. "Halafu inua kichwa."

Shada la maua halimo. Mkono wa bibi harusi umetulia begani kwa mtoto.