Rimu Nne za Kwenda Kasanga

"Mahindi yameingia kinuni?"

Sauti ya simuni ilikuwa ya Mkuu, kutoka Dodoma, kavu kama kawaida yake.

"Yameingia," alijibu Janeth.

"Usiyaguse mpaka yasagwe. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mkuu."

Simu ikakatwa.

Janeth Mwasaga aliitia Samsung yake mfukoni na kukaza mikono juu ya usukani wa Subaru Forester. Ilikuwa asubuhi ya Julai, Sumbawanga, na baridi ilikuwa ile ya kumfanya mtu mzima avae makoti mawili bila kuona aibu. Mbele yake magari ya madereva wa ridhaa yalikuwa yakiunguruma kwenye mstari wa kuanzia. Barabara ya Kasanga ilikuwa imefungwa kwa ajili yao. Yangeachiwa moja moja, na vizuizi vyote vya njiani vingeyapisha bila kuyasimamisha.

Mahindi hayakuwa mahindi. Yalikuwa dhahabu.

Na kinu kilikuwa Toyota Starlet nyekundu ya mtu asiyejua lolote.

Bendera ikashuka. Starlet ikaruka. Dereva wake, Flavian, alitoa mkono dirishani akampungia Janeth, naye Janeth akampungia, huku nafsi ikimsuta.

Kwa watu wa Sumbawanga, Janeth alikuwa dada wa Mbeya aliyefungua duka la matairi na rimu karibu na stendi. Kwa Idara ya Usalama, alikuwa jasusi aliyetumwa kumnasa Yoramu. Huyu Yoramu alikuwa mfanyabiashara mwenye tabasamu pana na mkono mrefu, mfadhili wa klabu ya mbio za magari. Alivusha dhahabu ya magendo kwa mgeni mmoja aliyekuwa akiisubiri na boti pale Kasanga, mgeni ambaye hakuna aliyemjua sura. Magari ya Yoramu yalipekuliwa kila safari hadi chini ya viti. Hayakukutwa na kitu.

Kumbe alikuwa akitafuta gari lisilopekuliwa.

Flavian alikuwa na mashine ya kusaga kule Mpui, na alijifunza kukimbiza gari kwa kubeba magunia ya watu. Aliingia dukani kwa Janeth siku moja, kofia mkononi.

"Dada, wenzangu wanafunga rimu za inchi kumi na saba. Na mimi nifunge hizo?"

"Unataka kupendeza au unataka kushinda?"

"Vyote, dada."

"Chagua kimoja, kaka."

Flavian alicheka, akavuta kigoda. Janeth alikuwa amejifunza kazi ya rimu kwa ajili ya kujificha tu, lakini ukweli ni kwamba alikuwa ameipenda. Alimweleza kwamba kilo moja ya kwenye gurudumu si sawa na kilo moja ya kwenye buti. Ile ya buti unaibeba tu. Ya gurudumu unaibeba, unaizungusha, kisha unailazimisha isimame, na kazi hiyo yote inaangukia injini na breki. Kwa Starlet, alisema, inatosha inchi kumi na nne, ya aloi, iliyofuliwa, si ya kumiminwa kwenye kalibu. Matairi yawe na ukuta mgumu. Yale laini ya kwenye viwanja vya mashindano asiyaguse, kwa sababu yanataka joto, na lami ya Ufipa asubuhi ni baridi kama sakafu ya kanisa.

"Kufua chuma sisi Wafipa tunakujua tangu zamani," Flavian alitania. "Tungefua na rimu, basi tu."

Wakayachagua matairi pamoja, kwa mabishano mengi na chai nyingi. Zilibaki rimu.

Rimu akazileta Yoramu. Zawadi kwa kijana wetu, alisema, nyepesi kuliko zote, zimetoka nje. Zilikuwa za kijivu, zinang'aa, na nembo yake haikujulikana na mtu.

Alipoondoka, Janeth aliiweka moja kwenye mizani. Rimu nyepesi ya saizi ile haifiki kilo sita. Hii ilipita kumi. Alikwangua rangi kwa kisu, ndani, karibu na tundu la upepo.

Njano.

Alikwangua zaidi na kuona jambo baya kuliko dhahabu. Ili dhahabu ipate nafasi, aloi ilikuwa imepunguzwa hadi ikawa nyembamba kama sufuria ya bei rahisi.

Alimpigia Mkuu.

"Zifunge," Mkuu alisema.

"Zinaweza kuvunjika njiani."

"Zinaweza. Si lazima zivunjike. Rimu tunazo, tunamtaka mpokeaji."

Janeth akazifunga kwa mkono wake mwenyewe, nati kwa nati. Flavian alipokuja alikuta gari liko tayari chini. Aliinama, akazipapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemnunua.

"Ni nyepesi, dada?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema ana mashaka nazo, apewe siku mbili.

"Nyepesi," alisema.

Sasa Forester ilikuwa ikimfuata kama gari la ufundi. Kwenye dashibodi, kitone chekundu kilisogea juu ya ramani. Kifaa cha kufuatilia alikuwa amekibandika ndani ya bampa ya Starlet, na bastola yake, Glock, ilikuwa chini ya taulo kwenye kiti cha pembeni.

Walipita Matai. Watu walikuwa wamesimama kandokando ya barabara wakishangilia, wengine wamejifunga mablanketi.

Redio ya Motorola ikakoroma.

"Dada Janeth, unanipata?"

"Nakupata, kaka."

"Usukani unatikisika. Gurudumu la mbele, kushoto."

Janeth alijua. Alijua kama anavyojua jina lake. Alibonyeza simu.

"Mkuu, rimu inaachia. Naomba kulisimamisha gari."

"Hapana."

"Kuna mtu ndani, Mkuu."

"Na kuna mtu Kasanga tunamtafuta mwaka wa tatu huu. Hapana."

Redio ikakoroma tena. "Dada? Nisimame?"

Janeth aliibonyeza redio. "Itakuwa balansi tu. Punguza kidogo, endelea."

"Sawa, dada."

Ile "sawa" yake ndiyo iliyomuumiza. Hakuuliza mara mbili. Janeth aliendesha huku akijiona mchafu, na aliona haya hata kujitazama kwenye kioo. Mbele, barabara ilianza kuteremka kuelekea ziwani, kona juu ya kona. Kitone chekundu kiliingia kwenye mteremko kikiongeza kasi.

Liwalo na liwe.

"Flavian, simama! Rimu ni mbovu, nilikudanganya! Simama!"

"Nini? Dada, sikupati, niko kwenye..."

Mlio. Kishindo. Kimya.

Kitone kikasimama.

Janeth alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Alipoikata kona ya tatu aliiona Starlet imelalia ubavu kwenye mtaro. Gurudumu la mbele lilikuwa limepasuka, nusu ya rimu imebaki kwenye ekseli, nusu imelala barabarani ikimetameta njano kwenye jua.

Prado ya Yoramu, iliyotangulia mbele ya mbio kama gari la mfadhili, ilikuwa imeshafika. Yoramu alikuwa amepiga magoti na spana mkononi, anafungua nati za gurudumu la nyuma. Mlango wa dereva hakuugusa.

"Kijana mzima, dada, anapumua," alisema bila kugeuka. "Nisaidie kwanza hizi."

Janeth alipandwa na hasira, nusu yake ikiwa ya kwake mwenyewe. Kumbe walikuwa wawili waliotanguliza rimu mbele ya mtu. Tofauti ni kwamba yeye alilipwa mshahara.

"Weka spana chini, Yoramu."

Yoramu aligeuka, akaiona Glock. Tabasamu likafa. Alikuwa mwepesi kuliko alivyoonekana. Aliinyakua ile rimu iliyopasuka akamrushia, ikampita begani ikivuma, naye akakimbilia Prado. Injini ikawaka.

Pah! Pah!

Matairi mawili ya Prado yakatoa upepo. Gari lilijivuta kidogo likaparamia ukingo wa kalavati. Janeth alimvuta Yoramu kwa ukosi, akamlaza kifudifudi na kumfunga pingu kwenye chuma cha kukanyagia cha gari lake mwenyewe.

Kisha akamkimbilia Flavian.

Mguu wake ulikuwa umebanwa chini ya dashibodi. Janeth alikata mkanda kwa kisu, akapachika jeki, akapampu. Bati lilipiga kelele, mguu ukaachia. Flavian alikuwa mweupe midomo.

"Dada," alisema, "nisamehe. Nimeharibu gari."

Janeth aliita gari la wagonjwa la mashindano kwa redio na kumshika mkono mpaka lilipokuja na kumchukua.

Simu ikatetemeka. Mkuu.

"Mpokeaji?"

"Atakuja."

Alimnyang'anya Yoramu simu, akaifungua kwa kidole cha Yoramu mwenyewe. "Mpigie. Gari limepata ajali, mzigo uko barabarani, aje mwenyewe kabla polisi hawajafika."

"Hawezi kuja. Ana akili yule."

"Piga."

Mwenye akili akaja. Mbio zilikuwa zimeshasimamishwa, naye alipanda kutoka Kasanga kwa Land Cruiser nyeupe, mgeni mrefu aliyevaa fulana kama ya matajiri wanaovua samaki kwa starehe, jasho likimtoka. Hakumtazama hata Yoramu aliyefungwa. Alichuchumaa, akaiokota nusu ya rimu kwa mikono miwili, akaipangusa vumbi kwa kiganja.

Hapo ndipo wasimamizi wa mbio waliokuwa wamesimama na bendera zao kwenye kona ya juu na ya chini walipoziweka bendera na kutoa bastola. Walikuwa vijana wa Idara.

Kazi ikaisha hivyo. Boti ilikamatwa gatini kabla ya chakula cha mchana, na dhahabu yote ikarudi.

Kesho yake Janeth alikwenda hospitali. Amri ilisema asiende. Flavian alikuwa amelala chali, macho wazi, mguu umefungwa na kuning'inizwa. Mkewe, Agnesi, aliinuka haraka akamshika Janeth mikono yote miwili.

"Dada, Mungu akubariki. Wamesema usingemtoa wewe, tungekuwa tunazungumza mengine." Akamimina chai kutoka kwenye chupa. "Kunywa, nje baridi."

Janeth hakukipokea kikombe. Aliwaambia. Aliwaambia kuhusu mizani, kuhusu dhahabu, kuhusu aloi iliyopunguzwa, na kwamba alijua yote hayo siku aliyozifunga. Alisema amekuja kuomba radhi na hana cha kujitetea.

Flavian alijiinua kidogo kwenye mto.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni nzito. Kona ya kwanza tu, pale tunapotoka mjini. Gari lilichelewa kukata, breki zikachelewa kushika. Nikasema, mh, hizi rimu nzito. Halafu nikasema, hapana, dada Janeth kasema nyepesi. Basi mikono yangu ndiyo haijui gari. Nikaongeza mwendo."

Agnesi alikichukua kile kikombe akairudisha chai kwenye chupa.

Simu ya Janeth ilitetemeka mfukoni. "Kazi safi," Mkuu alisema. "Rudi Dodoma leo."

"Ndiyo, Mkuu."

Alivaa miwani yake ya jua, akapita koridoni wima, bila haraka, funguo zikizunguka kidoleni. Wagonjwa waliokuwa wakiota jua walimsifia kimoyomoyo, dada wa mjini asiye na shida. Getini alimwamkia mlinzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa wako anaendeleaje?"

Janeth alifungua mlango wa Forester, akawasha gari, akaondoka.