Upande wa Kushoto wa Kioo

"Vuta pumzi, bibi. Bana hapo hapo."

Bibi Nyamizi akabana. Upinde wa kioo ukamzunguka kifua bila kumgusa, na kwenye kioo cha ukutani mapafu yake yakatokea, makubwa kuliko yeye mwenyewe.

"Achia."

"Mwanangu, kidogo uniue. Haya, mashine yako inasemaje?"

Daktari Sekela alitabasamu. Tabora ya miaka hiyo hakuna aliyelala na wasiwasi wa majibu. Kisomavivuli, mashine ya kusoma picha za ndani ya mwili, kilijibu kabla mgonjwa hajafunga vifungo. Kilikuwa kimefundishwa kwa maelfu ya picha ambazo madaktari walizungushia duara kila palipokuwa na ugonjwa. Aliyechora nyingi kuliko wote ni Ambakisye, marehemu mume wa Sekela, na mashine ilikuwa imechukua hata mkono wake. Duara lilianzia chini, likapanda, likazunguka, likaishia kabla ncha hazijakutana, kama la mtu aliyeitwa katikati ya kazi.

Sekela alikuwa mtafiti. Angeweza kubaki ofisini kwake ghorofani. Alishuka chumba cha picha kila siku ili aone duara hilo likichorwa.

Leo halikuchorwa. Kioo kiliandika: Salama. Lakini juu, upande wa kushoto wa kioo, Sekela aliona kivuli kidogo kama punje ya mtama.

"Bibi, usiende nyumbani kwanza. Mashine inasema uko salama, ila mimi nimeona kitu. Nataka daktari wa mapafu akupime."

Bibi aliokota kanga yake. "Nitakwenda. Mimi nimekuja kwako. Hiyo hata hatujasalimiana."

Tangu asubuhi hiyo hadi adhuhuri Sekela na mhandisi Makongoro walipitia picha ambazo kisomavivuli kilikuwa kimezipitisha. Walipata makosa mengine, na kila mara kivuli kilichoachwa kilikuwa kushoto mwa kioo. Wenye picha hizo walikuwa wameambiwa wako wazima. Makongoro akakizima kisomavivuli na kuagiza waitwe wote.

"Sasa nani alikifundisha kisione kushoto?" aliuliza. Alifuata chanzo cha kosa, picha moja baada ya nyingine, kisha akatoa mkono kwenye kibao cha mashine. "Dada Sekela. Ni za shemeji. Za mwaka wake wa mwisho."

Katika picha hizo maduara yalijaa kulia. Kushoto, vivuli vilikaa peke yao.

Sekela alikumbuka chai. Mwaka ule Ambakisye alikuwa akiimimina pembeni ya kikombe, na bega lake la kushoto likigonga mlango ule ule kila asubuhi. Sekela akimtania, "Mlevi wa chai huyo!" Naye akicheka, akipangusa meza. Uvimbe kichwani mwake uligunduliwa miezi mingi baadaye, ukiwa mkubwa. Kumbe ulikuwa umeshaanza kumla nusu ya macho, upande wa kushoto, na picha hizi zilikuwa zikisema hivyo muda wote.

"Alikuwa haoni," alisema. "Na mimi nilikuwa nacheka."

Makongoro alivuta kiti karibu naye. "Tunaweza kuziondoa zote. Kesho kitaamka kikiwa safi."

"Na duara?"

"Kitachora la kwake. La mviringo kamili."

Sekela alikitazama kioo. "Kulia hakukosea. Tusizitupe. Nipe kalamu ya nuru, nitamalizia kushoto."

"Zote? Dada, hiyo ni kazi ya miezi."

"Kisomavivuli kibaki kimezimwa. Picha za wagonjwa tutazisoma kwa macho, kama zamani."

Alifungua ya kwanza. Kulia palikuwa na duara la mumewe, lenye mwanya. Alitafuta kushoto taratibu, akaona kivuli, akakizungushia duara lake, dogo, lililofungwa. Alikaa akiyatazama yote mawili ndani ya kifua kimoja. Akafungua nyingine, na nyingine.

Jua lilipofika dirisha la magharibi, Makongoro alirudi na habari: Bibi Nyamizi amelazwa, uvimbe wake ni mdogo, umewahiwa. "Anauliza kama umekula. Funga sasa, dada. Kesho ipo."

Sekela aliweka kalamu chini. Picha aliiacha wazi kiooni: kulia duara la Ambakisye, kushoto bado.